Kisu cha kukunja: angalia kinavyojifunga kabla ya kinavyokata

Kidole changu cha shahada kina kovu la nyuzi tatu. Nililipata juu ya paa la bati huko Muheza, saa saba mchana, nikichuna waya wa sola. Kisu kilikuwa na wiki mbili tu tangu nikinunue mnadani kwa shilingi elfu kumi, na kilikuwa kikali kweli, hilo siwezi kukisingizia. Kosa langu lilikuwa kusukuma ncha ipenye ganda la waya badala ya kuvuta makali. Loki ikaachia, bapa likajikunja, na kidole kilikuwa njiani.

Tangu siku hiyo wauza visu wananiona mtu wa ajabu. Wenzangu wanajaribu makali kwenye kucha, wengine wananyoa vinyweleo vya mkono. Mimi nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, mpaka muuzaji anauliza, "Kaka, unanunua au unacheza?"

Nanunua. Ila makali siku ya kwanza kila kisu kinayo, na kisipokuwa nayo jiwe la kunolea linayaleta. Kiungo kibovu hakina jiwe lake.

Kwa hiyo ukifika kibandani, anza hivi. Shika mpini kwa mkono mmoja, kwa vidole vya mkono wa pili ubane mgongo wa bapa karibu na ncha, kisha tikisa kushoto na kulia. Kikicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, rudisha. Muuzaji atakwambia skrubu itakazwa. Jaribu kuikaza hapohapo mbele yake: mara nyingi ikikazwa hadi mchezo uishe, kisu kinakuwa kigumu kufunguka, maana yake tundu lenyewe lilitobolewa vibaya.

Halafu loki. Visu vingi vya bei ndogo vina kibati ndani ya mpini, ambacho kisu kikifunguka kinaruka na kukinga kitako cha bapa. Chungulia kinapotua. Kinatakiwa kiegemee kitako sawasawa, siyo kudonoa pembeni. Changu kile cha Muheza kilikuwa chembamba kama kopo la soda na kilishika ukingoni tu, nami sikuwahi kukitazama hata siku moja. Sasa weka mgongo wa bapa juu ya meza ya mbao, makali yakitazama juu, kandamiza mpini chini taratibu. Vidole viushike mpini ubavuni, visipite juu ya ule ufa unaopokea bapa, kwa sababu loki ikiachia ndipo bapa linapoangukia. Usigonge kama unavunja nazi. Kandamizo la polepole linatosha kukuonyesha.

Mwisho kifunge, ukiinue kwenye mwanga. Bapa likae katikati, ncha izame yote. Kigeuze kichwa chini ukitikise. Bapa likichomoza hata kidogo, fikiria funguo, simu na mkono wako vikiwa humo mfukoni.

Kuhusu chuma nitakuwa mfupi, maana hapo ndipo maneno ya biashara yanapozidi. Wengi tunajaribu kwa sumaku, kama tunavyofanya kwenye sufuria: ikinata, tunasema ni feki, kitashika kutu. Kwa kisu jaribio hilo halifai kitu. Chuma cha visu kisichoshika kutu kinavutwa na sumaku vizuri tu, kwa kuwa ni aina inayokubali kukomazwa kwa moto ili ibebe makali. Na hata hicho "kisichoshika kutu" kinashika, ukikaa karibu na bahari kama sisi wa Tanga na ukakiacha na maji ya chungwa usiku kucha. Kifute, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, basi. Vumbi la mfukoni likijaa, maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani vinalitoa.

Mimi sipendi chuma kigumu sana. Visu vile vyekundu vya Uswisi vya Victorinox vinakomazwa kwenye 55 hadi 56 kwa kipimo cha Rockwell, ugumu ambao wapenzi wa visu wa mitandaoni wanaucheka, lakini kikifa makali nakigeuzia kikombe cha kauri, nanoa kwenye ile duara ya kitako isiyong'arishwa, na chai haijapoa. Tatizo lake, vile vya kawaida havina loki. Springi ya mgongoni ndiyo pekee inayoshikilia bapa. Kwa embe, kamba na maboksi ni raha tupu. Kwa kusukuma ncha, hapana.

Kilichonifundisha zaidi ni Opinel namba 8 aliyoniletea shemeji kutoka Ufaransa. Bapa la sentimita 8.5, mpini wa mbao, na pete ya chuma shingoni ambayo unaizungusha ikafunga njia ya bapa. Pete hiyo waliiongeza mwaka 1955 na sijaona loki rahisi kuielewa kuliko hiyo: unaiona, unaigusa, unajua imefunga. Kiangazi chote nilikuwa nakisifia. Ikaingia masika. Mbao zikavimba, bapa likang'ang'ania ndani, na mimi niko mbele ya mteja navuta kwa meno kama mtoto na mfuko wa ubuyu. Wafaransa wa huko milimani kinakotoka wana dawa yao: fungua pete, gonga kitako cha mpini mezani, bapa linachungulia lenyewe. Inafanya kazi. Lakini kama kazi yako ni ya pwani na mikono yako ina jasho muda wote, fikiria mpini wa plastiki, hata kama hauna sura.

Sura nayo ni jambo, tusidanganyane. Babu yangu wa Lushoto alikuwa na Okapi, kile kisu chenye nyota na miezi kwenye mpini na mlio wa kra-kra-kra kinapofunguka. Kilibuniwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na jina ni la mnyama wa misitu ya Ituri. Babu alikimenyea miwa. Ukikifungua leo ndani ya daladala, watu hawatafikiria miwa. Kisu cha kila siku kiwe kinachofunguka kimya, kifupi, bapa la sentimita saba linatosha sana, na kisiwe kizito. Ijumaa utaelewa, kisu kizito kikiivuta kanzu upande mmoja mpaka unaonekana umepinda.

Na kuna mahali hakiendi kabisa: mahakamani, uwanja wa mpira, ndani ya ndege. Nimewahi kuacha kisu kizuri kwenye ndoo ya ukaguzi uwanja wa ndege kwa kusahau tu kukihamishia kwenye begi la kupakiwa chini. Walioko Uingereza ndio wana mtihani wa peke yao. Sheria ya huko ya mwaka 1988 inakuachia kutembea na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na chenye loki hakihesabiki humo. Ukikutwa nacho barabarani lazima uwe na sababu ya kueleweka. Kwa hiyo loki ninayokuhimiza hapa ingenitia matatani nikishuka London. Binamu yangu aliye huko nilimwambia achukue kile chekundu cha Uswisi, na asisukume ncha.

Kile cha elfu kumi sikukitupa. Nilikifungua, nikapitisha msumari kwenye kiungo, nikaufyata nyuma kwa nyundo, nikaufunga mpini kwa waya wa shaba. Mama Zuhura anakiparia samaki. Anasema ni kisu kizuri, hajui kwa nini nilikichukia.