Maswali Yenu: Kijiji cha Ufaransa kilichowatetea watumwa mwaka 1789

SWALI: Habari za kazi mhariri. Jamaa yangu anayeishi Ufaransa kaniambia huko mashariki kuna kijiji kinaitwa Champagney, wakulima watupu na bahari iko mbali, lakini kina makumbusho ya historia ya watu weusi. Imekuwaje? Na ni kweli walipinga utumwa kabla ya serikali yao?
– Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Salama ndugu yangu, na nimefurahi sana swali limetoka Kilwa, utaona kwa nini.

Ni kweli kabisa. Champagney iko Haute-Saône, chini ya milima ya Vosges, jirani na Belfort, wakazi hawafiki hata elfu nne. Sasa mwanzoni mwa 1789 hazina ya Mfalme Louis XVI ilikuwa imekauka, akaitisha mkutano mkuu wa wawakilishi kule Versailles na kila parokia ikaambiwa iandike daftari la malalamiko yake. Watu waliandika yanayowabana, kodi, ushuru wa chumvi, mambo ya misitu, na Champagney walikuwa na shida zao kama wengine. Lakini tarehe 19 Machi 1789, kwenye kifungu cha 29, wakaandika habari za watu ambao wengi wao hawajawahi hata kuwaona. Wakasema hawawezi kufikiria mateso ya weusi kwenye makoloni bila moyo kuuma, kwamba binadamu wenzao wanatendewa vibaya kuliko punda wa mizigo, na kwamba mtu akitafakari hawezi kutumia mazao ya huko kwa sababu yamemwagiliwa damu. Wakamwomba mfalme atafute njia watumwa wawe raia wenye faida kwa nchi. Hapo ni mwaka 1789 jamani, na ni watu wa jembe!

Walijuaje? Anatajwa Jacques-Antoine Priqueler, kijana wa hapohapo aliyekuwa ofisa kwenye kikosi cha walinzi wa mfalme, ndiye aliyeleta habari kutoka huko mjini. Pia kanisani kwao kuna picha ya Mamajusi, wale wafalme waliokwenda kumwona mtoto Yesu, na mmoja wao ni mweusi, kwa hiyo sura ya Mwafrika walikuwa wanaiona kila Jumapili, tena akiwa mfalme. Mimi hiyo picha naipa uzito mkubwa.

Na Kilwa inaingiaje? Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya Ufaransa, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Yaani miaka 13 tu kabla ya kifungu cha 29. Kwa hiyo wakulima wale waliposema weusi wa makoloni, watu wa pwani yetu walikuwemo humo, na mimi naona kila mtoto wa Kilwa angefundishwa hilo shuleni.

Ombi lenyewe halikuleta uhuru papo hapo. Ufaransa ilifuta utumwa 1794, Napoleon akaurudisha 1802, ukafutwa moja kwa moja 1848.

Makumbusho yalianzishwa 1971 na René Simonin, Rais Senghor wa Senegal akakubali kuwa mlezi wake. Yanaitwa Maison de la Négritude et des Droits de l'Homme, yaani Nyumba ya Utu wa Weusi na Haki za Binadamu.

SWALI: Zaidi ya hayo kuna nini hapo?
– Msomaji, Bujumbura

JIBU: Kuna bwawa kubwa lililojengwa kwa ajili ya mfereji wa meli. Halafu historia ya makaa ya mawe, machimbo yao na ya jirani zao Ronchamp yalifungwa 1958, na vita vya 1944 viliharibu sana nyumba. Ukifika nenda pia Fort de Joux, iko kusini zaidi, ndiko alikofungwa Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioasi kule Haiti, akafia humo Aprili 1803. Ila nenda na koti zito, hata kama ni masika.