Over, above, na kile kitanda cha ubaoni

Mmeuliza wiki hii kama ni sawa kumsahihisha mtu anayechanganya over na above, under na below za Kiingereza. Mi kwanza niulize nani alitufundisha hivyo vitu, manake hapo ndo panaponiuma.

Sisi kwa Kiswahili juu ni juu. Taa iko juu ya meza, iwe imekaa mezani au inaning'inia kwenye dari, utaangalia mwenyewe. Chini ndo usiseme, ukiambiwa simu iko chini anza kutafuta sakafuni, ghorofa ya chini, mpaka mvunguni. Sasa mtu wa maneno mawili anapewa on, over, above, halafu under, below, beneath, underneath, yote kwa kipindi kimoja, kwenye jedwali, akariri.

Ticha wetu mmoja alitupa zoezi la kujaza nafasi, pana kitanda na picha imetundikwa ukutani. Jamaa niliyekaa naye akaandika the picture is over the bed, akala kosa la wino mwekundu, ticha anataka above. Jamaa akasimama akauliza over ina ubaya gani, picha si iko juu ya kitanda moja kwa moja? Ticha akasema over ni ya kitu kinachopita, kama ndege. Jamaa akamuuliza, na bridge over the river je, daraja nalo linapita linaenda wapi? Darasa zima kicheko, na hapo ndo mambo yalipoharibika. Ticha akachora kitanda ubaoni (kilitoka na miguu mitatu, chaki ilikatika), akachora picha, akaifuta, akaichora tena huko karibu na dirisha, haya, bado over? Jamaa akasema hapana, hapo ni above tu. Yaani kalijibu somo lote! Over inataka kitu kiwe juu ya kingine wima au kikivuke au kikifunike, above inatosha kiwe juu zaidi hata kama kiko pembeni, kwa hiyo picha ya kwanza ilikubali zote mbili. Ticha akachora shuka limefunika kitanda. Na hii? Over. Akafuta ubao, akamwambia kaa, na kosa likabaki kosa. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Kwa hiyo nilikaa niandike waacheni watu waongee. Lakini naandika huku najibishana mwenyewe, manake kuna mahali neno linabeba mzigo. Umri ni over 18, under 18. Baridi ni below zero, hakuna anayesema under zero. Milima ni above sea level. Mbaya zaidi ni kwenye maandishi, ukitaka kusema tazama hapo juu unaandika see above, ukiandika see over msomaji wa Kiingereza cha Uingereza atageuza ukurasa atafute upande wa pili, na hakuna kitu huko.

Basi ndiyo, kwenye ripoti na barua sahihisheni, mi mwenyewe ningesahihisha hata bila kuombwa. Kwenye maongezi sijui, inategemea nani anaongea, na anayesahihisha awe anaijua kweli, asiwe na jedwali tu kichwani. Beneath na underneath sizigusi, hizo atajibu mwingine.