Video inachosha, sauti inapishana na mdomo

SWALI: Nasoma chuo hapa Moshi. Narekodi kwa simu, nahariri kwa kompyuta yenye RAM ya GB 8. Madoido nayajua mengi, lakini video zangu zinachosha, tena zikifika dakika ya tatu sauti inapishana na mdomo. Nifanye mazoezi gani?

JIBU: Tuanze na sauti, maana hiyo haiponi kwa mazoezi. Simu nyingi hazirekodi fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, simu hupunguza fremu kwa sekunde, lakini programu ya kuhariri huzihesabu kana kwamba ziko sawa. Kosa dogo hujilimbikiza hadi mdomo na sauti vinaachana. Kabla ya kuhariri, pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya bure: sehemu ya Video, weka FPS (fremu kwa sekunde) 30, chagua Constant Framerate, yaani kasi isiyobadilika. Taimulaini, yaani mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kuhariri, nayo iwe ya 30.

Sasa huko kuchosha. Madoido yaweke kando kabisa kwa muda. Nenda soko la Mbuyuni, mwombe ruhusa fundi viatu, umchukue picha tano za video: yeye na kibanda chake chote, uso, mikono, sindano ikipenya soli, kiatu kikikabidhiwa mwenyewe. Kila moja isipungue sekunde 10, simu imetulia. Rekodi pia dakika nzima ya sauti ya soko tu. Itaziba mapengo pale utakapokata maneno.

Kwa klipu hizo hizo tengeneza video ya sekunde 60 bila muziki. Muziki hufunika mikato mibaya, na wewe unahitaji kuisikia. Kesho yake ipunguze ibaki 30, kesho kutwa 15. Zoezi hili linashinda mafunzo mengi ya madoido, kwa sababu linakulazimisha kuamua picha ipi haina kazi.

Kata katikati ya tendo: mkono uanze kuvuta uzi kwenye picha pana, umalizie kwenye picha ya karibu. Ukisubiri mkono utulie, mtazamaji anauona mkato. Maneno ya fundi yaanze kusikika fremu 12 hadi 15 kabla uso wake haujaonekana. Vilele vya sauti yake viwe kati ya dB (desibeli, kipimo cha sauti) -12 na -6. Vikigonga 0, sauti inapasuka.

Kwa RAM yako, hariri kwa programu ya Kdenlive au Shotcut na uwashe proksi, yaani nakala nyepesi za klipu. Programu ya DaVinci Resolve itaielemea kompyuta yako. Ukimaliza, itazame kazi bila sauti, kisha isikilize bila kuangalia. Utakapopotea, hapo ndipo pa kukata upya.