Jibu: Mdogo wangu mkimbiaji anajinyima chakula
Umeuliza kama mdogo wako anayefanya mazoezi Kasarani anaruka chakula cha jioni kwa nidhamu tu. Hapana, hiyo ni hatari. Mwanamke asiyekula vya kutosha huonywa na hedhi kukatika, lakini mwanamume hana dalili hiyo, kwa hiyo angalia hamu ya mapenzi kupungua, uume kutosimama asubuhi, baridi isiyoisha, na maumivu ya muundi yanayozidi akikimbia. Nishati ikipungua, testosteroni, homoni ya kiume, hushuka na mifupa hupata nyufa. Apimwe homoni hiyo kabla ya saa nne asubuhi, pamoja na akiba ya madini ya chuma.

Tafadhali usimwambie "kula tu". Wepesi ndio umekuwa utambulisho wake, kwa hiyo kuongeza kilo anakuona kama kupotea. Mtafutie mwanasaikolojia, Hospitali ya Mathari, ya afya ya akili jijini Nairobi, wapo. Kocha naye aache kumpima uzito mbele ya wenzake. Akizimia, hospitali siku hiyo hiyo.