Jibu: Wimbo wangu unapigwa kila mahali, mbona mimi mtunzi silipwi?

Habari ndugu. Unasema wimbo uliomwandikia mwenzako unapigwa redioni, yeye analipwa, wewe hujaona hata senti. Hilo limenikuta pia, na linauma.

Kwanza angalia kama utunzi wenyewe umesajiliwa kwa jina lako kwenye shirika la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya wimbo. Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi. Pesa za rekodi humwendea mwenye rekodi. Za utunzi hupita njia yake, na usiposajiliwa hazina pa kukufuata. Rekodi hutambuliwa kwa namba ya ISRC, utunzi kwa ISWC. Mimi nilikuwa na ile ya kwanza tu, nikadhani imetosha!

Halafu mgawanyo wa utunzi, kama mliuandika zaidi ya mmoja. Wetu ulikwama kwa sababu mafungu tuliyosajili kila mtu kivyake yalizidi asilimia 100. Kaeni chini, andikeni nani ana ngapi, wote msaini.

Nakusihi usiuze utunzi wote kwa malipo ya mara moja. Kila mwimbaji mwingine akiurudia, filamu au tangazo likiutumia, mtunzi ana fungu lake. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki hiyo kwa kawaida hudumu maisha yako yote na angalau miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo hata wanao watanufaika.

Mkataba wako sijauona. Weka hapa kifungu cha umiliki tukisome.