Kontrola zinapotea na kurudi kwenye laini ya BACnet: acha bodi, kagua anwani

Mkuu, umesema laini yako ya MS/TP (waya mmoja wa pamoja ambao kontrola za mitambo ya jengo huongelea kwa lugha ya BACnet) ilikuwa na kontrola 22 zinazofanya kazi bila shida, ukaongeza 6, na sasa nne zinapotea na kurudi kila baada ya dakika chache. Tayari umebadilisha bodi za kontrola mbili. Usinunue ya tatu. Mimi nilishafika hadi ya tatu kwa ugonjwa huohuo, na zote nilizotoa zilikuwa nzima.

Yangu ilikuwa hivi. Kontrola mbili za feni, kila moja kwenye dari ya ghorofa yake, zilikuwa na anwani 17. Kwenye MS/TP kontrola hupokezana tokeni, yaani zamu ya kuongea, na mwenye tokeni ndiye anayeongea. Ikitumwa kwa 17, zote mbili zinaidaka na kuropoka kwa pamoja. Balaa ni kwamba inayopotea si lazima iwe 17. Kwangu zilipotea 18 na 19, nikashinda siku mbili juu ya ngazi nikizihoji zisizo na kosa.

Chanzo kilikuwa swichi moja ndogo. Anwani hupangwa kwa swichi zilizo kwenye kontrola: zipo nane, thamani zake 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128, unajumlisha zilizowashwa. Fundi alitaka 25, yaani 16 na 8 na 1, lakini ile ya 8 ilisimama katikati, ukiitazama kwa chini unaona imepanda, kumbe kontrola inasoma 17. Zisukume kwa kijiti cha plastiki, si penseli. Unga wa penseli unapitisha umeme. Halafu zima kontrola na uiwashe tena, maana nyingi husoma swichi zinapowaka tu. Na angalia kibandiko, kuna watengenezaji wanaohesabu kutoka upande wa pili.

Kumtafuta pacha, yaani kontrola ya pili yenye anwani ileile, ni rahisi: zima 17 unayoijua. Kama kwenye skrini 17 bado inaitika, pacha yupo. Kata laini katikati, ujue yuko nusu ipi, endelea kugawa hadi umfikie.

Sasa usichanganye namba tatu. Anwani ya laini ni 0 hadi 127 kwa kontrola zinazopokea tokeni, na inatakiwa isijirudie kwenye laini hiyo tu. Namba ya kifaa ni 0 hadi 4194302, na hii haitakiwi kujirudia popote kwenye mfumo mzima. Namba ya mtandao, 1 hadi 65534, ni ya laini yenyewe na huwekwa kwenye ruta, kile kifaa kinachounganisha laini na laini. Watu wengi huumizwa na ya pili: baadhi ya kontrola hujipa namba ya kifaa kutokana na anwani, kwa hiyo laini mbili zenye 17 zinagongana mara tu ruta inapoziunganisha. Mimi kontrola 17 kwenye mtandao 12 naipa 12017, basi. Hata usiku wa manane nikiiona najua iko wapi.

Anwani zako zifuatane bila mapengo, maana kontrola hupoteza muda kuuliza kama kuna mtu kwenye namba tupu. Kwa sababu hiyo wengine hushusha kiwango cha anwani ya juu kutoka 127 hadi ile ya mwisho iliyopo. Kama na wewe ulikishusha, hizo 6 zikiwa juu ya kiwango hazitaulizwa kabisa. Kasi ya laini nayo iwe moja kwa zote.

Jambo moja linanitia shaka kwenye maelezo yako. Umesema hizo 6 umeziunga mwishoni. Je, ile rezista ya ohmu 120 ya kufungia mwisho wa laini, iliyokuwa kwenye kontrola ya 22, uliihamishia kwenye ya 28, au bado iko katikati ya laini? Panda uangalie, kisha weka hapa orodha ya anwani zote 28 jinsi swichi zinavyosoma, si jinsi mchoro unavyosema.