"Mzigo wako umekwama": usiangalie aliyetuma, angalia anachokuomba

Msomaji mmoja wa Arua, hapa Uganda, amenitumia picha ya ujumbe aliopokea: mzigo wake umefika ghalani, anwani haijakamilika, alipe shilingi 3,800 ndani ya saa 12, la sivyo utarudishwa ulikotoka. Chini kuna linki. Anauliza, "Kaka, huu ni wa kweli? Maana kweli nina mzigo unatoka Guangzhou."

Si wa kweli, na mzigo wako wa Guangzhou hauhusiki. Ujumbe wa namna hii humwagwa kwa maelfu ya namba kwa mpigo. Katika nchi ambayo nguo zinatoka Kariakoo kupitia Mutukula, viatu Eastleigh kupitia Busia, na makasha ya simu China, tapeli hana haja ya kukujua. Wanaosubiri mzigo watajipata wenyewe.

Bado kuna watu wanashauri utafute makosa ya tahajia. Ushauri huo umepitwa na wakati. Siku hizi matapeli wanaandika vizuri kuliko baadhi ya kampuni zenyewe. Jina la mtumaji nalo si kinga. Jina linalotokea mahali pa namba linaweza kughushiwa, na kwa kuwa simu hupanga ujumbe kwa jina, ule wa uongo unaingia moja kwa moja chini ya ule wa kweli uliopokea mwezi uliopita. Namba inayoanza na +63, ya Ufilipino, ikijiita Posta ya Uganda, hiyo futa bila kufikiri. Lakini +256 ya kwetu haimsafishi mtu.

Kwa hiyo tazama unachoombwa. Ukiombwa kufungua linki, isome kabla ya kuigusa. Ruka https://, tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha soma ukirudi nyuma maneno mawili yanayotenganishwa na nukta. Katika dhl.com.mzigo-wako.top/ug, mwenye tovuti ni mzigo-wako.top, hiyo "dhl.com" ya mbele ni pambo tu, mtu yeyote anaweza kuibandika. Kwa anwani za kwetu zinazoishia .go.ug au .co.ug, ongeza neno moja nyuma: ura.go.ug ni ya mamlaka ya mapato, lakini ura-go-ug.top si yao. Linki iliyofupishwa haikuonyeshi mwenyewe, basi achana nayo. Na ukiwa na iPhone ukaambiwa "jibu Y, toka, kisha rudi ufungue", ujue simu yako ilikuwa imeifunga linki hiyo kwa sababu mtumaji humjui, na jibu lako ndilo linaloifungua.

Ukishaingia, zile 3,800 ni chambo. Kinachotakiwa ni namba ya kadi, tarehe ya mwisho na tarakimu tatu za nyuma. Kisha ukurasa unakwambia "subiri, benki inathibitisha". Dakika hiyo, mtu wa upande wa pili anaingiza kadi yako kwenye pochi ya simu yake au ananunua kitu, na benki inakutumia OTP, namba ya siri ya kutumia mara moja. Watu wengi hunakili tarakimu bila kusoma maneno yaliyozizunguka, na maneno hayo ndiyo yenye habari: mara nyingi hutaja kiasi na kazi ya namba hiyo. Ukiona dola 250 mahali pa shilingi 3,800, au kwamba kadi inaongezwa kwenye simu, usiiandike popote. Piga benki wasimamishe kadi saa ile ile.

Asiye na kadi hufuatwa kwenye MoMo ya MTN au Airtel Money. Anapigiwa na "dereva", na wakati wakiongea dirisha linatokea kwenye simu likitaka PIN, eti ni kuthibitisha kwamba mpokeaji ni yeye, au kurudishiwa pesa za usafiri. Hilo ni ombi la malipo. Kupokea pesa hakuhitaji PIN hata siku moja. Ukiweka PIN, umelipa. Na kama ni wewe unayetuma, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Anayejiita ofisi ya kampuni huku laini imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi, mwache na mzigo wake.

Kuna na ile ya tarakimu sita: "Nimekutumia namba, nisomee nijue mzigo ni wako." Fungua ujumbe wenyewe usome umetoka wapi. Ukikuta neno WhatsApp, anataka kuhamishia akaunti yako kwenye simu yake, kisha awaombe pesa shemeji zako kwa jina lako. Ni kweli baadhi ya kampuni hutumia namba ya makabidhiano, lakini hiyo hutajwa mzigo ukiwa mkononi mwako, si kwenye simu. Washa leo uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya akaunti ya WhatsApp. Faili la APK, yaani programu ya kusakinisha kwenye simu ya Android, "la kufuatilia mzigo" usilisakinishe kabisa. Likipewa ruhusa ya kusoma SMS, litajisomea OTP zako lenyewe.

Sasa, kama una mzigo kweli, uulizie kwa njia yako. DHL Express hutumia namba ya tarakimu 10. Iandike mwenyewe kwenye tovuti yao. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ulikotoka, kama CN au UG. Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na unaweza kuipiga hesabu kwenye karatasi. Chukua nane za kwanza, tuseme 47312482, zizidishe kwa mpangilio na 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7. Jumla ni 200. Gawanya kwa 11, baki ni 2. Toa 2 kwenye 11, unapata 9, basi ya tisa lazima iwe 9. (Hesabu ikitoa 10 andika 0, ikitoa 11 andika 5.) Isipolingana, namba ni ya kubuni au imeandikwa vibaya. Ikilingana bado hujamaliza, kwani namba halisi inaweza kunakiliwa.

Ushuru wa forodha hulipwa URA kwa namba ya malipo, PRN, ambayo unaweza kuikagua kwenye ura.go.ug kabla ya kutoa shilingi. Haulipwi kwenye namba ya simu ya "afisa". Mzigo wa basi ni rahisi zaidi: mwambie aliyetuma apige picha risiti, nawe upige namba iliyo kwenye risiti, si ile iliyokupigia.

Kama PIN imeshatoka, piga 100, huduma kwa wateja ya MTN au Airtel, ukitumia laini hiyo hiyo sasa hivi, maana pesa ambazo hazijatolewa kwa wakala bado zinaweza kuzuiwa. Kisha badilisha PIN kwa *165# (MTN) au *185# (Airtel). WhatsApp ikichukuliwa, jisajili upya kwa namba yako. Ukiweka tarakimu sita mpya, yule anatolewa. Akiwa ameweka PIN yake ya hatua mbili, utangoja siku 7 kuingia, lakini naye yuko nje. Ujumbe usiufute: piga picha, andika namba ya muamala, nenda kituo cha polisi upewe namba ya SD, yaani ya kitabu cha kumbukumbu cha kituo, kwa kuwa benki na kampuni ya simu wanaweza kuiulizia. Na jiandae, kwa sababu waliokula wanaweza kurudi kwa sauti nyingine, wakijiita wanasheria wa kurudisha pesa zilizoibwa, nao wana ada yao ndogo ya kuanzia.